Matangazo ya Machi Yafufuka Agosti: Maswali Yenu Kuhusu Ubao wa Redio ya Pakiti

Barua tatu tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kusasisha programu inayoendesha ubao wa matangazo katika redio ya pakiti. Kwa msomaji asiye wa fani hii, redio ya pakiti ni njia ambayo waendeshaji wa redio ya ridhaa huitumia kupitisha maandishi hewani: modemu huyageuza maandishi kuwa milio miwili, mmoja wa hezi 1200 na mwingine wa hezi 2200, redio ya kawaida ya VHF huirusha milio hiyo, na kompyuta ya upande wa pili huikusanya na kuirudisha kuwa maneno. Ubao wenyewe ni kompyuta inayokesha ikipokea barua za watu binafsi na matangazo ya wote, kisha kuyapitisha kwa ubao jirani, na jirani kwa jirani yake, bila haja ya intaneti katikati.

Swali

Kwako Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Lanet, Nakuru. Mimi na wenzangu watatu wenye leseni tunaendesha ubao kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, tukitumia programu ya LinBPQ ambayo hatukuwa tumeigusa kwa miaka minne. Agosti tuliamua kuweka toleo jipya. Kazi iliharibika katikati, nami nikarudisha faili zote kutoka kwa nakala niliyokuwa nimeihifadhi mwezi wa Machi. Ubao uliwaka vizuri, tukashukuru. Lakini tangu siku hiyo tuna aibu mbili. Jirani yetu wa Kericho analalamika kwamba tunamtumia matangazo ya Machi kana kwamba yameandikwa jana. Jirani yetu wa Eldoret naye hapokei matangazo mapya tunayoyaandika. Ubao wake unajibu kwamba tayari unayo, ilhali mwenyewe anaapa hajayaona. Je, toleo jipya lina kasoro? Turudie la zamani?
*Mwendeshaji wa Lanet*

Jibu

Ndugu yangu wa Lanet, liache toleo jipya mahali pake, kwa sababu halina hatia. Aibu zako mbili zina mama mmoja, naye ni ile nakala ya Machi.

Kila tangazo linapoandikwa hupewa kitambulisho, ambacho wenye fani hukiita BID, kisichozidi herufi 12. Kama hukubadilisha mpangilio, LinBPQ hukiunda kwa kuunganisha nambari ya barua na alama ya wito ya ubao, yaani jina lake la hewani lililo kwenye leseni, hivyo tangazo la 1482 lililoandikwa kwenu huitwa 1482, kistari cha chini, kisha ile alama yenu inayoanza na 5Z4. Ubao unapotaka kumpitishia mwenzake tangazo hauanzi kwa kumwaga mzigo wote hewani. Hutaja kitambulisho tu, na mwenzake hupekua orodha yake na kujibu ama nipe ama ninalo. Mtindo huo ulitoka kwa programu ya FBB, ya Mfaransa Jean-Paul Roubelat, na BPQ, iliyoandikwa na Mwingereza John Wiseman, ambayo LinBPQ yako ni toleo lake la Linux, huzungumza lugha hiyo hiyo. Ni mtindo wa watu wanaojua bei ya hewa: kwa biti 1200 kwa sekunde, tangazo moja refu linalorudiwa bure huwanyima wengine wote nafasi kwa dakika kadhaa.

Sasa irudie safari yako polepole. Siku uliyochukua nakala mwezi wa Machi, tuseme hesabu ya barua ilikuwa imefika 1482, na matangazo kadhaa yalikuwa yamepanga foleni yakingoja kupelekwa. Kufikia Agosti foleni ile ilikuwa imekwisha zamani, na hesabu ilikuwa imepanda, tuseme hadi 1730. Uliporudisha faili za Machi, ubao ulisahau miezi mitano kwa mpigo. Uliiona foleni ile kuwa bado haijasogea, ukaanza kuinadi upya kwa majirani, na wakati huo huo ukaanza kuyapa matangazo ya Agosti nambari 1483, 1484 na kuendelea, ambazo matangazo mengine ya kwenu yalikwisha kuzitumia.

Kwa nini basi Kericho inapokea ya zamani na Eldoret inakataa mapya? Ni kwa sababu orodha ya vitambulisho haikai milele. Kila mwenye ubao huamua mwenyewe siku ambazo kitambulisho kitahifadhiwa kabla ya kufagiwa. Nakisia kwamba jirani wa Kericho amepanga muda mfupi, pengine siku 60, kwa hiyo vitambulisho vya Machi vilikwisha kufutwa kwake na matangazo yale yakaonekana mageni. Wa Eldoret, kwa upande wake, huenda anahifadhi mwaka mzima, akaiona 1483 katika orodha yake na kuikataa, bila kujua kwamba ni tangazo jingine lililovaa jina la marehemu. Waulize wote wawili wamepanga siku ngapi, nawe utapata uthibitisho bila kufungua kompyuta.

La kufanya leo hii, kabla ya kumaliza kusoma gazeti, ni kuzima upitishaji wa barua kwa majirani wote, ili moshi usizidi kusambaa. Kisha itafute ile kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya mashine siku kazi ilipoharibika. Kadi iliyokataa kuwasha kompyuta mara nyingi bado inasomeka ikitiwa katika kompyuta nyingine ya Linux, na unachokihitaji humo ni vitu vitatu: faili ya DIRMES.SYS, ambayo ni daftari la barua zote pamoja na hali ya kila moja; faili ya WFBID.SYS, ambayo ndiyo orodha ya vitambulisho; na folda ya Mail, yenye barua zenyewe. Vitu hivi vitatu huhama pamoja. Ukichukua daftari la Agosti na barua za Machi utakuwa na orodha ya barua zisizokuwepo, na huo ni msiba mwingine.

Kama kadi ile mmekwisha kuifuta, ziondoeni kwa mkono barua zote za Machi zinazongoja, kisha mkubali kuishi kwa subira mpaka hesabu ipite 1730. Katika kipindi hicho anayeandika tangazo anaweza kulipa jina lake mwenyewe: mwishoni mwa amri ya SB, ile ya kuandika tangazo, aongeze alama ya $ ikifuatwa na kitambulisho cha kubuni ambacho hakijawahi kutumika, na ubao utakichukua hicho badala ya kuunda chake.

Uliniuliza pia, kati ya mistari, jinsi kazi hii inavyopaswa kufanywa. Simamisha programu kwanza, ndipo uchukue nakala. Programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, sehemu ya daftari imo katika kumbukumbu ya mashine na haijaandikwa kwenye kadi, kwa hiyo nakala utakayoichukua wakati huo inaweza kuwa na nusu ya jambo. Ikisimama, nakili faili za mipangilio, yaani bpq32.cfg na linmail.cfg, pamoja na vile vitatu nilivyovitaja, na ukumbuke kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Mimi huchukua kadi nzima, si faili chache, kisha naibandika kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo kilichoandikwa kwa kalamu. Kipande hicho ndicho kingewaokoa nyinyi, maana nakala ya mwezi wa Machi isingeweza kujifanya nakala ya jana.

Faili ya programu yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Ile ya zamani ipe jina jingine na usiifute, weka mpya mahali pake, ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod, kisha uirudishie uwezo wa mtandao kwa amri ya setcap. Hatua hii ya mwisho husahauliwa na wengi, nami nimo: uwezo huo hukaa katika faili, si katika jina, kwa hiyo faili mpya huja bila uwezo wowote ingawa inaitwa linbpq kama ile iliyoitangulia. Ubao utawaka, redio zitasikika, ila baadhi ya milango ya mtandao itakataa kufunguka, nawe utatumia jioni nzima ukiikagua bpq32.cfg isiyo na kosa lolote. Badilisha pia folda ya kurasa za kudhibitia kupitia kisakuzi, kwani kurasa za toleo moja na programu ya toleo jingine huleta vitufe visivyoitika.

Halafu kuna saa. Raspberry Pi zilizotangulia ya 5 hazina saa yenye betri, na hata hiyo ya 5 huhitaji betri iunganishwe. Stima ikipotea Lanet na kurudi, mashine isiyo na intaneti huendelea kutoka wakati wa mwisho ilioukumbuka. Kwa ubao hili si jambo dogo, kwa sababu kila usiku kuna ufagizi unaofuta barua kulingana na umri wake, na umri hupimwa kwa saa ya mashine. Saa ikiruka mbele mwaka mmoja, hata kwa dakika tano wakati unapohangaika na kadi mpya, ufagizi ukipita wakati huo utakuta kila barua ni nzee na kila kitambulisho kimepitwa na muda. Kwa hiyo baada ya kusasisha, andika date na uangalie kabla ya kuwasha ubao. Kipande kidogo cha saa chenye betri, aina ya DS3231, hutatua jambo hili moja kwa moja. Na kwa kuwa ubao huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, ufagizi uliopangwa usiku wa manane wa UTC hufanyika kwetu saa tisa za usiku; msishangae kuiona kadi ikihangaika wakati jogoo wa kwanza anajiandaa.

Siku ya kuwasha upya, chomoa waya wa redio, fungua ubao, usome barua mbili tatu, utazame nambari ya barua ya mwisho kama inalingana na ile uliyoiandika kabla ya kazi. Ndipo urudishe redio, umruhusu jirani mmoja tu, na ukae utazame mazungumzo yenu ya kwanza. Mstari wa kwanza ambao mbao mbili hubadilishana ni ule uliofungwa kwa mabano ya mraba, wenye jina la programu, toleo lake na mfululizo wa herufi. F inasema kwamba ubao unajua upitishaji wa mtindo wa FBB, B kwamba unaweza kupokea barua zilizobanwa, H kwamba unaelewa anwani za ngazi, na $ ya mwisho kwamba unatumia vitambulisho vya BID. Kama jirani ana programu ya zamani sana, herufi zake zitakuwa chache kuliko zenu, na ubao wenu mpya utashuka hadi kiwango chake wenyewe. Hakuna haja ya kumlazimisha naye asasishe wiki hiyo hiyo.

Swali

Bwana Mhariri, hujambo. Niko Kondele, Kisumu. Sikusasisha ubao pekee. Niliamua kubadilisha mfumo endeshi wote, kutoka wa biti 32 hadi wa biti 64, kwenye kadi mpya. Sasa nikiamuru ubao uanze, mashine inanijibu kwamba faili haipo, ilhali ninaiona kwa macho yangu. Na modemu yangu, ambayo ni programu ya Direwolf inayotumia kadi ndogo ya sauti ya USB, haisikii chochote wala haiwashi taa nyekundu ya redio. Mipangilio ni ile ile ya kadi ya zamani, neno kwa neno.
*Msomaji wa Kondele*

Jibu

Ni hilo la neno kwa neno lililokuponza, kwa kuwa maneno yamebaki pale pale na vitu vinavyotajwa vimehama.

Tuanze na faili inayoonekana na isiyokuwepo. Programu yako ni ya biti 32, na inapoanza huomba msaidizi wa kuipakia, ambaye katika mfumo wa biti 64 hayupo kama hukumweka. Kisichopatikana ni huyo msaidizi, lakini mashine haimtaji jina; inatoa lawama ya jumla na mwenye kusoma hudhani inaizungumzia faili aliyoiandika. Pakua toleo la biti 64 la programu hiyo hiyo, na neno hilo litatoweka.

Modemu ina majeraha mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. Kutosikia ni suala la kadi ya sauti. Katika faili ya Direwolf bila shaka umeandika plughw:1,0, yaani kadi ya pili katika hesabu inayoanza na sifuri, lakini mfumo mpya huzihesabu pia sauti za poti za HDMI, na kadi yako ya USB imesukumwa nyuma. Andika arecord -l uone imepewa nafasi gani, au bora zaidi uitaje kwa jina lake badala ya nambari, ili siku nyingine isisukumwe tena. Ukimaliza, rekebisha viwango vya sauti upya; mfumo mpya haukurithi vile ulivyovizoea, na sauti iliyozidi huharibu pakiti sawa na iliyopungua.

Taa nyekundu isiyowaka ni suala jingine, la waya unaoiamuru redio irushe. Kama waya wako umetoka kwenye pini za GPIO, zile za kuunganishia vifaa kwenye kompyuta yenyewe, fahamu kwamba tangu kernel (kiini cha Linux) ya 6.6 njia ya zamani ya kuzihesabu pini hizo kwenye Raspberry Pi huanzia 512, si sifuri, kwa hiyo pini uliyoiita 25 haiitiki tena kwa jina hilo. Matoleo mapya ya Direwolf yana njia nyingine ya kuzigusa, iitwayo GPIOD, nami ningekushauri uhamie huko kuliko kujumlisha 512 kila mahali. Na kabla ya hayo yote, kwa kuwa uko Kisumu na msimu wa radi haujaisha, hakikisha waya wa antena umeunganishwa kabla ya kujaribu kurusha. Nimemwona fundi mzuri akitafuta kosa la programu siku mbili, huku antena aliyoichomoa kwa kuogopa radi ikining'inia dirishani.

Swali

Mhariri mpendwa, nodi yetu, yaani kituo cha kupokezana pakiti, iko juu ya kilima upande wa Londiani na barabara ni mbovu wakati wa mvua. Je, ninaweza kuipelekea programu mpya kwa redio yenyewe nikiwa nyumbani? Na je, niifiche nywila yangu kwa kusimba mawasiliano, ili wanaosikiliza wasiipate?
*Mwendeshaji, Kericho*

Jibu

Chukua faili ya megabaiti 2. Kwa biti 1200 kwa sekunde, hata kama hewa ingekuwa yako peke yako na kila pakiti ifike mara ya kwanza bila kungoja jibu la kuthibitisha, ungehitaji saa tatu na dakika 42. Pakiti moja hubeba baiti 256 kwa kawaida, kwa hiyo ni pakiti 7,813, na kwa njia inayokatiza Mau hizo zitarudiwa tena na tena. Inawezekana, lakini majirani hawatakusamehe. Kubwa kuliko hilo ni kwamba programu mpya ikikataa kuwaka, nodi itanyamaza, na njia uliyotumia kuifikia itakuwa imekatika pamoja nayo. Utapanda kilima kile kile, mvua ile ile, ukiwa na haraka zaidi. Mabadiliko madogo ya bpq32.cfg yafanye kutoka nyumbani ukitaka. Programu ipelekee kadi iliyotayarishwa na kujaribiwa mezani, na kadi ya zamani iache hapo hapo juu ndani ya kisanduku cha nodi, imefungwa katika nailoni.

Kuhusu kusimba, hapana. Kanuni za Redio za ITU, katika kifungu cha 25, zinakataza stesheni za ridhaa za nchi tofauti kufumba maana ya mawasiliano yao, isipokuwa amri za kudhibiti setilaiti, na leseni yako kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya isome vivyo hivyo kwa makini. Lakini nywila haihitaji kusimbwa ili isalimike. Katika bpq32.cfg andika fungu refu la maneno kwenye mstari wa PASSWORD. Ukiomba ruhusa ya msimamizi kwa amri ya jina hilo, nodi itakutumia nambari tano, nawe utajibu kwa herufi tano zilizoko katika nafasi hizo ndani ya fungu. Anayesikiliza atapata herufi tano tu, na kesho nambari zitakuwa nyingine. Herufi hizo zinaweza kukusanywa na mtu mwenye subira, kwa hiyo fungu liwe refu, lisiwe methali ambayo kila mtu wa Kericho anaweza kuimalizia, na libadilishwe kila unapopanda kilimani na kadi mpya.